Maneno Ambayo Mzee Lukasi Hakuyasema

Kila asubuhi ya shule, Hajira alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kukoka moto wa chai, na kumwamsha mdogo wake ambaye usingizi wake ulikuwa mzito kama gogo. Chai ikisubiriwa kuchemka, alikaa kwenye kigoda jikoni akitengeneza kitu. Wiki moja ilikuwa mtego wa panya wa kopo la rangi, wiki nyingine kishikio cha tochi cha waya. Vingine vilifanya kazi, vingine vilivunjika kabla ya chai kuiva.

"Mikono yako haijui kupumzika," mama yake alimwambia. "Ikikosa kazi itanivunjia vyombo."

Hajira alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, katika shule moja ya msingi huko Kwedizinga, wilayani Handeni. Ulikuwa mwendo wa dakika ishirini kupita kwenye mashamba ya mahindi na michungwa. Njiani aliungana na Shukuru, mvulana wa darasa lake. Babu yake Shukuru alikuja zamani kukata mkonge Ngombezi, na baadaye familia ikahamia Kwedizinga kulima. Shukuru hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda kuhesabu. Alikuwa na saa ya mkononi aliyoachiwa na kaka yake, na angeweza kukuambia ni hatua ngapi kutoka kwao hadi shuleni.

Shule yao ilikuwa na bustani nyuma ya madarasa, imezungushiwa wavu. Ndani yake kulikuwa na kitalu cha michungwa: miche mia mbili iliyopandwa kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alikuwa na miche mitano yenye jina lake, ya kwenda kupanda nyumbani masika yakianza. Kwa kuwa maji huko ni ya shida, kila mmoja alibeba chupa ya maji kutoka nyumbani kwa ajili ya miche yake. Ndiyo maana hakuna aliyeichezea ile bustani. Geti lake dogo lilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Mzee Lukasi, mlinzi wa shule.

Mzee Lukasi alikuwa mrefu, mkimya, na hakuwa na mchezo na watoto. Mkono wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko. Ulikatwa na mashine alipokuwa kijana, na zaidi ya hapo hakusimulia. Kwa mkono wa kulia alifagia, alifyeka, aligonga kengele na kubeba ndoo. Wanafunzi walimwamkia, naye alijibu "Marahaba" bila kusimama.

Jumatano moja, Mwalimu Hilaria wa Sayansi na Teknolojia aliingia darasani na madaftari mapya.

"Mwisho wa muhula kutakuwa na maonyesho Korogwe," alisema. "Kila kundi la watu wawili litatengeneza kifaa cha kumsaidia mtu mmoja hapa shuleni au kijijini."

Hajira alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Mwalimu, tuanze leo?"

"Tunaanza leo, lakini hatuanzi kutengeneza. Nyundo na misumari nimevifungia stoo. Kwanza nataka daftari. Mtaandika mtu wenu ni nani na shida yake ni nini hasa. Mtamuuliza yeye mwenyewe, na mtaandika maneno yake kama alivyoyasema. Mtamtazama akifanya kazi. Mtapima. Baada ya hapo ndipo mtaniletea mawazo, na si wazo moja, angalau matano. Mchoro ni wa mwisho."

"Yote hayo kabla ya kushika msumari?" Hajira alinong'ona.

"Nimekusikia, Hajira," alisema mwalimu, nalo darasa likacheka.

Hajira hakuhitaji hayo yote. Alikuwa na wazo lake tangu mwalimu aliposema neno "kifaa". Angemtengenezea Mzee Lukasi fyekeo lenye mkanda wa kufungwa kwenye ule mkono mfupi. Mara ngapi alimwona akifyeka uwanja wa mpira, jasho linamtiririka? Shida ilikuwa wazi kama jua.

"Tumuulize basi," Shukuru, mwenzake wa kundi, alisema wakirudi nyumbani.

"Tutamuuliza. Ila yule mzee hata salamu anaitoa kwa kuipima. Utamuuliza nini? Wewe mwenyewe huoni anavyohangaika na nyasi?"

Shukuru hakukubali, lakini hakubisha.

Jumapili jioni Hajira alifungua daftari. Kulikuwa na ukurasa wenye kichwa cha habari "Maneno ya mtu tunayemsaidia". Aliuma kalamu kidogo, kisha akaandika: *Mzee Lukasi amesema kazi inayomsumbua kuliko zote ni kufyeka. Amesema anachoka sana na anaumia bega.* Alitazama. Mistari minne ilibaki mitupu, na ukurasa ulionekana umepwaya. Akaongeza: *Amesema kazi nyingine zote hazimpi shida, hata kufungua na kufunga mageti.*

Hapo ukurasa ulijaa. Akachora fyekeo zuri lenye mkanda, akalipaka rangi, akalala kwa furaha.

Mwalimu Hilaria alikusanya madaftari Jumatatu. Hajira alipomkabidhi, Shukuru alikuwa amesimama kando akitazama viatu vyake.

Jumanne baada ya mapumziko, kelele zilisikika kutoka nyuma ya madarasa. Wanafunzi walikimbia. Geti la bustani lilikuwa wazi, mnyororo unaning'inia, na mbuzi zaidi ya kumi walikuwa ndani wakitafuna michungwa kama waliopikiwa. Mzee Lukasi alikuja mbio na fimbo. Walipokwisha kufukuzwa, Shukuru alihesabu vishina vilivyobaki bila majani.

"Sitini na nne," alisema kwa sauti ndogo.

Kati ya miche hiyo, mitatu ilikuwa ya Hajira. Msichana mmoja aitwaye Edna alipoteza yote mitano, akakaa chini pale pale akalia, chupa yake ya maji bado iko mkononi.

"Hakufunga kufuli," wanafunzi walinong'onezana. "Alizungusha mnyororo tu, akaacha."

Mzee Lukasi alisimama ameshika fimbo. Aliwasikia. Aliinama akaanza kuokota viriba vilivyopasuka, kimoja kimoja.

Alhamisi asubuhi Hajira aliitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alienda akijiuliza kosa lake ni lipi. Alimkuta Mwalimu Mkuu Mbaruku ameketi mezani, na mbele yake lile daftari la kundi lao, limefunguliwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Hajira. Usiogope, nimekuita nikupongeze. Mwalimu Hilaria alinionyesha kazi zenu, na hii yenu imeandikwa vizuri sana." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Na itanisaidia. Kesho saa nane kamati ya shule inakutana kuhusu mambo ya bustani. Wapo wazazi wanaotaka tumwondoe Mzee Lukasi. Mimi nilidhani labda ni huo mkono wake, kufunga kufuli kunamshinda, nilitaka kumtetea. Lakini nimesoma hapa. Yeye mwenyewe amewaambia kwamba mageti hayampi shida. Basi ni uzembe tu. Siwezi kutetea uzembe."

Hajira aliutazama ule ukurasa uliojaa mwandiko wake.

"Haya, rudi darasani. Hongera."

Alitoka. Hakurudi darasani mara moja. Alisimama kwenye kibaraza akitazama kule uwanjani, ambako Mzee Lukasi alikuwa akifagia kama siku zote. Sentensi moja, aliyoiandika kujaza mistari, sasa ilikuwa inakwenda kumfukuzisha mtu kazi.

Saa ya mapumziko alimwambia Shukuru kila kitu. Shukuru alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nilipaswa kusema siku ile," alisema. "Nilijua hatujamuuliza. Tumuulize leo."

Walimkuta Mzee Lukasi akinoa fyekeo, amelibana chini ya mguu, jiwe la kunolea liko mkononi.

"Shikamoo mzee," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Mzee," Hajira alianza, "tunataka kukuuliza. Kazi ya kufyeka inakupa shida?"

Mzee Lukasi aliacha kunoa. Kwa mara ya kwanza walimwona akitabasamu, tabasamu la upande mmoja. "Kufyeka? Kufyeka ndiyo kazi ninayoipenda. Nimekata mkonge mimi tangu kijana. Mkono huu mmoja unanitosha kwa nyasi zote za Handeni." Akarudi kwenye jiwe lake.

Hajira alikumbuka fyekeo lake zuri lenye rangi. Uso ulimwaka.

"Sasa, kazi ipi inakupa shida?"

Tabasamu lilipotea. "Hakuna. Nendeni mkacheze."

Walirudi nyuma. Hajira alikuwa karibu kukata tamaa, lakini Shukuru alisema, "Mwalimu alisema kuuliza, halafu kutazama. Tumeuliza. Bado kutazama. Yeye hufungua bustani saa ngapi?"

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, walikuwa tayari shuleni. Kulikuwa na umande na ubaridi. Walikaa kwenye ngazi za darasa la tatu, Shukuru ametazama saa yake, Hajira ameshika daftari la mazoezi. Mzee Lukasi alikuja na ndoo ya maji, akaiweka chini mbele ya geti la bustani, akatoa ufunguo mfukoni.

Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye mnyororo. Kila alipolichoma ufunguo, lilikimbia upande wa pili. Alijaribu kulibana kwenye nguzo kwa mkono mfupi, likateleza. Alipiga goti moja, akaliegemeza kwenye goti jingine, ufunguo ukaingia, lakini alipozungusha, kufuli nalo lilizunguka. Ufunguo ukaanguka kwenye nyasi. Aliutafuta. Mwishowe aliinamisha kichwa, akabana kidevu chake juu ya kile chuma chenye umande, akazungusha. Likafunguka.

"Dakika nne na sekunde kumi," Shukuru alinong'ona.

Hajira aliandika.

Alipomaliza kumwagilia, mzee alitoka na kuanza kufunga. Hapo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilibidi ashike ncha mbili za mnyororo na kufuli kwa pamoja. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alizungusha tu mnyororo kwenye nguzo na kuweka jiwe mbele ya geti. Aligeuka, akawaona.

"Nani amewatuma kunipeleleza?"

Shukuru alisimama. Hajira alikwenda mbele mpaka akamfikia.

"Mzee, hakuna aliyetutuma. Mimi nimekukosea. Niliandika kwenye daftari kwamba umesema mageti hayakupi shida. Mwalimu Mkuu amesoma. Leo anakwenda kuisomea kamati."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Sasa hayo maneno yangu uliyatoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

Mzee aliifudikiza ndoo yake iliyokuwa tupu sasa, akaikalia, akaugeuza ufunguo kiganjani.

"Geti hili ninalifungua mara sita kwa siku," alisema hatimaye. "Na sikuwahi kumwambia mtu. Nikisema kufuli linanishinda, watasema na ulinzi umenishinda. Jumanne nililizungushia mnyororo kwa sababu kengele ya mapumziko ilikuwa inangoja. Miche ya watoto ikaliwa. Basi. Hilo ni langu."

"Kama wangejua..." Shukuru alisema.

"Wangenionea huruma. Huruma sitaki."

Hajira alikuwa akilitazama lile kufuli. Alimwomba mzee ufunguo, akauficha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, akajaribu. Kufuli likakimbia. Akajaribu tena, likazunguka. Mara ya tano alianza kutoa jasho. Shukuru naye akajaribu, akaishia kuangusha ufunguo kwenye matope.

"Mzee," Hajira alisema taratibu, "hili kufuli linaning'inia. Halina kitu cha kulishika. Mtu aliyebeba mtoto hawezi kulifunga. Aliyebeba ndoo hawezi. Si wewe tu."

Mzee Lukasi aliinua uso.

"Unaturuhusu tuseme?" Hajira aliuliza. "Safari hii tuseme ulivyosema."

"Semeni kufuli," mzee alijibu. "Shida ni kufuli linaloning'inia. Mkono wangu uacheni ulipo."

Hajira aliandika maneno hayo kama yalivyotoka, kisha akamsomea. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Hilaria alifika saa moja kasoro robo na kuwakuta mlangoni pa ofisi. Hajira alisema yote bila kumsingizia Shukuru. Mwalimu aliingia, akalichukua lile daftari mezani kwa Mwalimu Mkuu, akarudi nalo.

"Nililionyesha daftari hili kwa Mwalimu Mkuu kwa sababu nililionea fahari," alisema.

"Nisamehe, mwalimu. Niuchane ule ukurasa?"

"Usiuchane. Ukiuchana, utasahau. Chora mstari mmoja juu ya maneno hayo, yaendelee kusomeka. Chini yake andika: *Haya si maneno ya Mzee Lukasi. Niliyatunga mimi.* Uweke na jina lako. Halafu twende kwa Mwalimu Mkuu, na utamsomea wewe."

Hajira aliandika, akatia jina. Mwalimu Mkuu Mbaruku alisikiliza akiwa amevua miwani. Hajira alipomaliza kusoma ukurasa wa zamani na ule wa asubuhi ile, Mwalimu Mkuu aliuliza swali moja tu: "Dakika nne na sekunde kumi, mmepima au mmekisia?"

"Nimepima kwa saa, mwalimu," Shukuru alijibu, akanyoosha mkono kuionyesha.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Sita. Mzee mwenyewe amesema."

Mwalimu Mkuu alivaa miwani tena. "Hajira, wewe utamwagilia mbegu mpya za Edna na za wenzake wote walioliwa miche, mpaka ziote. Na kamati nitaiambia ukweli."

Mchana ule kamati ilikaa. Wanafunzi hawakujua yaliyosemwa ndani, ila wazee walitoka wakaenda mpaka kwenye geti la bustani. Mmoja wao, mwanamume mnene aliyevaa kanzu nadhifu, alijaribu kulifunga lile kufuli kwa mkono mmoja huku wenzake wakimcheka. Lilipomshinda aliinua mikono yote miwili akasema, "Haya, wapeni watoto wiki mbili watafute dawa ya kufuli hili."

Sasa kazi ilianza, na Hajira hakuharakisha. Walipima urefu wa nguzo, upana wa geti, unene wa mnyororo. Walipima kutoka ardhini hadi kiganja cha Mzee Lukasi akiwa amesimama wima, kwa sababu hawakutaka apige goti tena. Wakaandika kifaa kinapaswa kuwa vipi: kifungwe kwa mkono mmoja, mbuzi asiweze kukifungua kwa pembe wala pua, na kitengenezwe kwa vitu vilivyoko stoo ya shule.

Kisha wakaja na mawazo. Walipata manane. La kwanza lilikuwa kengele ya kufukuza mbuzi. Mzee Lukasi alilitazama akasema, "Mbuzi wa hapa wamezoea kengele, wanavaa shingoni." Likafutwa. La pili lilikuwa kamba ya kuvuta kwa mguu. "Siku ya mvua je, kwenye matope?" Likafutwa nalo. Wazo la nne lilikuwa la Shukuru: komeo la chuma la kusukuma, na kufuli lisining'inie kabisa bali likae ndani ya kijumba kidogo cha mbao kilichopigiliwa kwenye nguzo, libanwe pande zote, litokeze tundu la ufunguo tu. Wazo la sita lilikuwa la Hajira: mpira wa ndani wa baiskeli uvute geti lijifunge lenyewe, ili mtu asihitaji kulishikilia. Mzee Lukasi alisoma michoro yote miwili, akaweka kidole chake juu ya mmoja, kisha juu ya mwingine.

"Kwa nini msiviunganishe?" aliuliza.

Kabla ya kupeleka mchoro kwa fundi, walitengeneza kijumba cha boksi la maziwa, wakakifunga kwenye nguzo kwa uzi. Walimwita mzee ajaribu. Alinyoosha ufunguo, akasita.

"Mmeweka tundu upande wa geti. Nikisimama hapa na ufunguo mkono wa kulia, lazima nijipinde. Ligeuzeni."

Hajira alitazama. Alikuwa amelichora hivyo kwa sababu lilipendeza kwenye karatasi. Zamani angekasirika kufuta mchoro uliokwisha pakwa rangi. Alichukua kifutio, akageuza tundu.

Fundi Sharifu, seremala wa kijijini, alikitengeneza kijumba kwa mchana mmoja. "Mchoro huu una vipimo vyote," alisema akiugeuza mkononi. "Watu wazima huniletea maneno matupu, 'nitengenezee kitu fulani hivi', tunagombana mpaka jioni."

Jumatatu asubuhi darasa zima la sita lilisimama bustanini. Mzee Lukasi alitoka ndani na ndoo yake. Geti lilijifunga nyuma yake lenyewe. Aliweka ndoo chini, akasukuma komeo, akabonyeza kufuli ndani ya kijumba chake, akazungusha ufunguo, akauchomoa. Wima, bila kupiga goti, bila kidevu.

"Sekunde kumi na tisa!" Shukuru alipiga kelele, yeye ambaye hapigi kelele.

Walipiga makofi. Mzee Lukasi alijaribu kukaza uso ikamshinda. Alifungua tena na kufunga tena, kama vile alitaka kuhakikisha.

Mwalimu Hilaria aliwaambia wakae kwenye nyasi. "Mzee, una neno kwa hawa?"

Mzee Lukasi hakuwa amezoea kuhutubia. Alisafisha koo. "Watu wengi wamewahi kunisaidia," alisema. "Wengine wamenipa vitu ambavyo sikuvihitaji, nikasema asante, nikaviweka uvunguni. Mtu akikuuliza shida yako na akangoja jibu, amekuheshimu. Akikujibia yeye, hata kama anakupenda, amekunyamazisha. Huyu binti alinijibia, halafu akarudi kuuliza. Kurudi ndiko kugumu." Akachukua ndoo yake akaenda zake.

"Mmesikia," alisema Mwalimu Hilaria. "Na mimi naongeza moja. Kijumba hiki fundi amekitengeneza mchana mmoja. Kilichochukua siku nyingi ni kuijua shida. Msione kwamba kuuliza, kutazama na kupima ni kuchelewesha kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na ukiijenga juu ya uongo, hata uwe na mikono mizuri kiasi gani, utatengeneza kitu kizuri cha bure, au utamwumiza mtu. Andikeni mlichokiona na mlichokisikia. Kama hamkuuliza, acheni mistari mitupu. Mistari mitupu haijamfukuzisha mtu kazi."

Hajira aliinamisha kichwa, lakini hakuona aibu kama ile ya ofisini. Alisimama, akachukua chupa mbili za maji, na pamoja na Edna wakaingia bustanini, ambako mbegu mpya zilikuwa zimeanza kupasua udongo kwenye viriba.